Matanga ya Mtu Aliye Hai

Imana ishimwe. Ndivyo tunavyoanza huku kwetu, kabla hata Kiswahili hakijapatikana. Ashukuriwe Mungu aliyeuvumilia ujana wangu, akaniweka shambani mwake bila kuniuliza cheti, na sasa amenipumzisha ningali natembea kwa miguu yangu mwenyewe. Mtakachokiona chema katika maneno haya ni chake. Porojo ni za kwangu, na mnisamehe, maana mzee aliyestaafu hana kengele ya kumnyamazisha.

Ninyi wainjilisti vijana wa Kasulu, Kibondo na Kakonko mliniomba niandike niliyoyaona kazini. Vyeo nitaviacha. Posho nayo nitaiacha, kwa sababu habari zake ni fupi sana. Nitaandika kuhusu darasa la ubatizo, kwa kuwa hilo ndilo nililolifundisha maisha yangu yote, na ndilo lililonifundisha mimi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Gwarama, wakati ule ikihesabiwa bado ni Kibondo. Nilifika kwa baiskeli, mkoba wa nguo umefungwa nyuma kwa mpira, na mahubiri makali niliyoyatunga njiani. Nilidhani nitahubiri siku ile ile. Mwinjilisti mwenyeji, Mzee Yoramu, alinipokea, akanipa uji, kisha akanipa panga.

"Njia ya kwenda kwenye maji imefunga," akasema. "Ifyeke."

Basi mahubiri yale yakabaki mkobani, na kazi yangu ya kwanza katika utumishi ikawa kufyeka majani. Tulipofika kijitoni, Mzee Yoramu alichukua mti mrefu ulionyooka, uliokuwa umekatwa alama ya kiuno cha mtu mzima, akaanza kupima kina hatua kwa hatua. Akaniambia, kabla ya kumwingiza mtu majini, ingia wewe kwanza. Jua palipo na shimo, jua palipo na jiwe la utelezi, na umsimamishe mchungaji pasipo na tope, hasa akiwa mnene. Mengine niliyajua kwa kuyaona. Nimewahi kuona mchungaji akitumbukia kabla ya muumini wake, na kwaya ikaendelea kuimba kana kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Lakini siyo mti ule nilioutumia zaidi. Chombo kikubwa cha Mzee Yoramu kilikuwa desturi moja ya usharika wetu, ambayo sijui aliirithi kwa nani. Kabla mtu hajabatizwa, mwinjilisti alikwenda kwa majirani wa mpaka, wale ambao shamba lao linagusana na la huyo mtu. Hakujali kama ni Wakristo, Waislamu au watu wasiosali popote. Aliketi, akazungumza habari za mvua na mihogo, kisha akauliza jambo moja tu: "Jirani yako anaendeleaje?" Halafu akanyamaza.

Nilimuuliza, "Mzee, kwa nini tusimuulize mwenyewe kama ameokoka?"

"Mwenyewe atakuimbia pambio," akasema. "Jirani hana pambio."

Nilikaa naye mpaka nilipohamishiwa Titye, upande wa Kasulu. Siku ya kuondoka alinipa ule mti wa kupimia maji. Kuufunga kwenye baiskeli ilikuwa kazi, na kila aliyekutana nami barabarani aliniuliza kama nakwenda kuvua samaki. Nilijibu ndiyo, na wenye masikio walielewa.

Titye ndiko nilikokutana na Ruhaga.

Ruhaga alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye mikono mizito, na kijiji kizima kilikuwa na habari zake. Pombe ilikuwa nusu ya habari hizo. Nusu nyingine ilikuwa ngumi. Akifika gulioni, wanawake walivuta vikapu vyao karibu. Jumapili moja aliingia kanisani mwenyewe, akaketi benchi la nyuma, na watu waliokuwa benchi hilo wakakumbuka ghafla kwamba wangependa kukaa mbele. Wiki zikapita, akiwa peke yake kwenye benchi lake. Kisha siku moja, katikati ya wimbo, akasimama, akaja mbele, akapiga magoti, akalia kama mtoto. Sijawahi kuona mtu mkubwa namna ile akilia namna ile. Mke wake alilia pia, na mimi nikalia, na mchungaji akafuta miwani.

Akaingia darasani. Pombe aliiacha siku ile ile. Alisikiliza kuliko wote, na kila tulipofika kwenye somo la mtu mpya, la kwamba aliye wa Kristo amezaliwa upya na ya kale yamekwisha, uso wake uliwaka.

Siku moja baada ya darasa aliniambia, "Mwinjilisti, nimechoka kuitwa yule. Nikipita, watu wanasema 'yule anapita.' Nataka nizame na yule, nitoke mimi."

Nilimwambia Mungu anasikia. Na Pasaka ilikuwa inakaribia, siku ambayo tungebatiza, na wageni kutoka Kasulu mjini wangekuja.

Nikaanza kuzunguka kwa majirani. Shamba la Ruhaga lilikuwa kipande kirefu kilichoshuka kutoka barabarani hadi bondeni, na alipakana na watu wawili. Upande mmoja ni Mzee Shabani, Mwislamu mwenye duka pale senta, mtu wa utani sana. Nilimkuta nyuma ya mizani.

"Karibu, Mwinjilisti. Leo umekuja kumpima nani?"

"Jirani yako Ruhaga anaendeleaje?"

Akacheka. "Zamani akiingia humu nilikuwa naondoa redio mezani. Siku hizi naiacha, tena nampa na kiti. Juzi kanibebea gunia la chumvi kutoka barabarani, wala sikumwomba. Mimi ya kwenu siyajui, lakini hicho mnachomnywesha huko, mwongezeeni."

Nikatoka dukani nikiwa mwepesi. Nikaenda kwa jirani wa upande wa pili, Mama Speransia, mjane. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa bado anabebwa mgongoni, na familia yao ni miongoni mwa waliopewa uraia wa Tanzania. Alisali katika kanisa jingine, siyo letu. Nilimkuta uani anamenya mihogo.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, Mwinjilisti. Kaa hapo kwenye kigoda, usikae kwenye maganda."

Tukaongea habari za mvua. Kisha nikauliza, "Jirani yako anaendeleaje?"

Akamenya muhogo mzima. Akachukua mwingine.

"Anaimba," akasema. "Asubuhi anaimba, jioni anaimba. Ana sauti nzuri."

"Hilo ni jema, mama."

"Ni jema. Anaimba akiwa shambani kwangu."

Akaweka kisu chini, akanichukua mpaka bondeni. Huku kwetu wengi hutenga mipaka kwa minyaa, ule mti wa utomvu mweupe, kwa sababu ukikata tawi na kulichomeka ardhini linashika, na hakuna mbuzi anayeligusa. Mstari wa minyaa uliotenga mashamba yale ulishuka vizuri toka juu, halafu karibu na bonde ukapinda na kuingia upande wa mjane. Kile kipande kilichomegwa ndicho chenye ardhi nyeusi inayoshika maji, maharage yanaota hata kiangazi. Katikati ya maharage ya Ruhaga niliona mstari wa visiki. Ulikuwa mpaka wa zamani. Kila masika visiki vilichipua, na kila masika mtu alivikata. Mkato wa mwaka ule ulikuwa bado mbichi.

"Nilisikia alilia sana kanisani," Mama Speransia akasema.

"Alilia."

"Minyaa haikusikia."

Nikamuuliza kwa nini hakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji siku zile zote.

"Niende niseme nini? Siku aliyohamisha nilimfuata hapa hapa. Akaniambia, mkimbizi, rudi kwenu. Mwinjilisti, mume wangu amezikwa pale juu. Wanangu wamezaliwa hapa. Siku ya uraia niliapa nimevaa kitenge kipya. Halafu mtu anakwambia rudi kwenu, na wewe unajikuta unaangalia barabara, kana kwamba kweli kuna mahali."

Tukarudi uani. Nikamsaidia kumenya mihogo iliyobaki, vibaya, akanirudishia mmoja niumalizie.

Mchungaji nilipomweleza hakufurahi. Alikuwa mtu mwema, lakini wageni walikuwa wanakuja na alitaka wa kubatizwa wawe wengi. "Mwinjilisti, mtu amelia mbele ya kanisa zima. Unataka nini tena?"

"Nataka nikaongee naye, Mchungaji."

"Kaongee. Lakini Pasaka haitasubiri."

Ruhaga nilimkuta barazani kwake. Nilimweleza polepole, kama nilivyofundishwa. Hakukana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo nimekutana nalo mara nyingi baadaye, ila si kwa uwazi ule.

"Mwinjilisti, wewe mwenyewe umetufundisha. Mtu wa kale amekufa. Aliyehamisha minyaa ile ni yule. Yule amekufa. Sasa mnamfukua wa nini?"

Nakiri lilikuwa jibu zuri. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo anipe neno, na nikaona nianzie pale alipoishia yeye.

"Pole kwa msiba," nikamwambia.

Akanitazama.

"Marehemu kaacha shamba," nikasema. "Nani kalirithi?"

Akageuza uso upande wa bondeni.

"Maana maharage ya bondeni yanapaliliwa. Na matanga yake mliyaanua lini? Mimi sikusikia tangazo."

Kwa msomaji asiye wa huku: mtu akifa, siku ya kuanua matanga msemaji wa familia husimama mbele ya watu wote, akatangaza kwamba aliyekuwa na madai kwa marehemu ajitokeze, ili jamaa wayamalize naye. Mpaka hapo ndipo marehemu anapumzika, na walio hai nao wanapumzika. Ruhaga alilijua hilo kuliko mimi. Alisimama, shingo imevimba.

"Unanifanyia mchezo."

"Sikufanyii mchezo, ndugu yangu. Mungu amekufanya mtu mpya, hilo naliamini kuliko wewe unavyoliamini. Na huyo mpya anaweza kufanya lile ambalo wa kale hakuliweza. Ndilo ninalokuja kukuomba."

"Kanisa la ng'ambo ya mto wanabatiza hata kesho," akasema. "Hawaulizi mipaka ya mtu."

"Najua. Na maji ni yale yale."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nilirudi nyumbani nikisukuma baiskeli ingawa barabara ilikuwa ya kuteremka. Siku zilizofuata chakula hakikupita vizuri. Niliwaza: mtu ametoka mbali namna hii, ameacha pombe, mke wake amepata amani, na mimi nimemsimamishia mlangoni kipande cha ardhi. Akirudi kule alikotoka, je? Mke wangu alisema, "Umesema kweli kwa upole. Sasa kula." Nilikula ili asiongeze.

Wiki ya Pasaka ikaingia. Siku tatu kabla ya sikukuu, asubuhi, nilikuwa nagonga rimu la gari tunalotumia kama kengele, nikamwona Ruhaga anakuja na jembe begani. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Alisubiri nimalize kugonga.

"Mwinjilisti, tuanue matanga."

Nikashindwa kuficha furaha yangu. Akaendelea, "Uwe msemaji wa familia."

"Msemaji hutoka katika ukoo wa marehemu," nikamwambia. "Mimi nitakuja kama mwombolezaji."

Jumamosi tukakutana bondeni: Ruhaga na mke wake, Mzee Shabani aliyefunga duka kwa ajili hiyo, mwenyekiti wa kitongoji wa kushuhudia mpaka, na wanadarasa kadhaa wa ubatizo. Mama Speransia alikuja mwisho, akasimama upande wake wa minyaa, mikono ndani ya kitenge.

Ruhaga akavua kofia. Akaanza kama wanavyoanza wasemaji wote, kwa kushukuru waliofika. Kisha akasema, "Kulikuwa na mtu hapa. Mnamfahamu. Amekufa. Aliyekuwa na madai kwake, ajitokeze."

Hakuna aliyejongea. Mzee Shabani akakohoa, akasema taratibu, "Redio yangu moja haikuwahi kurudi, lakini marehemu nimemsamehe. Ilikuwa inakoroma."

Watu wakacheka, na hewa ikalegea kidogo. Ruhaga hakucheka. Alikuwa anamwangalia Mama Speransia.

"Huyo marehemu," akasema, "alihamisha mpaka huu. Na alimwambia mama huyu arudi kwao. Kipande kinarudi leo. Na neno lile nalo linarudishwa."

Mama Speransia akamtazama. "Yemwe, jamani," akasema, "marehemu alikuwa na mambo." Kisha akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza njia: "Na wewe ni nani kwake?"

Pale niliona uso wa Ruhaga ukibadilika. Kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake.

"Ni mimi, mama," akasema. "Hakuna mwingine. Mimi ndiye niliyehamisha, na mimi ndiye niliyesema. Unisamehe mimi."

Mjane alitoa mikono ndani ya kitenge, akapita upande wa pili wa minyaa, akaenda kusimama kwenye kisiki cha kwanza cha mpaka wa zamani. "Anzia hapa," akasema. "Ulianzia hapa."

Ruhaga akang'oa mstari wote uliopinda, akachomeka matawi upya penye visiki, mwenyekiti akishuhudia. Maharage yaliyokuwamo Mama Speransia alisema wavune nusu kwa nusu, maana jasho ni jasho. Utomvu wa minyaa mnaujua, ukiingia machoni ni moto. Ulimwingia. Kesho yake Ruhaga alifika kwenye ubatizo macho yamevimba, mekundu, yakichuruzika bila kukoma, na wageni kutoka Kasulu wakaguswa sana na machozi yale ya toba. Sikuona sababu ya kuwasahihisha. Toba nayo ilikuwamo.

Asubuhi ile ya Pasaka mvua ilikuwa imepita usiku na kijito kilikuwa kimejaa. Niliingia na mti wa Mzee Yoramu, nikapima, nikamsimamisha mchungaji juu ya changarawe. Usharika wetu ulikuwa na taratibu: mchungaji huuliza mbele ya wote kama yupo jirani mwenye neno. Mara nyingi hakuna, ni kama kuuliza hewa. Ilipofika zamu ya Ruhaga, akauliza, na nyuma ya kwaya ikasikika sauti.

"Nipo."

Watu wakapisha. Mama Speransia alikuwa ametoka kwenye ibada ya kanisa lake, bado na nguo za sikukuu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Mchungaji akanitazama, mimi nikautazama mti wangu.

"Jirani, unasemaje?"

Akamwangalia Ruhaga aliyesimama ukingoni na kanzu nyeupe, anatetemeka.

"Niseme nini tena? Mwingizeni. Maji ya baridi haya, mtu ataugua."

Akazamishwa, akatoka, na mke wake akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Kasulu. Alipopanda ukingoni akitiririka maji, Mama Speransia akafungua kitenge chake cha juu, akamrushia begani.

"Ukirudishe kimefuliwa," akasema.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu mjini, nikamalizia huko, kwenye bodaboda na vipaza sauti na madarasa ambayo wanafunzi wake hujibu somo huku simu zinawaka. Kuuliza majirani mjini ni kugumu zaidi, maana mtu hana mpaka wa minyaa, ana ukuta. Lakini nawasihi msiiache desturi hii. Ulizeni aliyepanga chumba cha pili. Ulizeni mama anayeuza mboga mlangoni. Na mtu akiwaambia mtu wake wa kale amekufa, mpeni pole, kisha muulizeni habari za matanga.

Kabla ya kukabidhi kazi nilipita Titye kuaga. Ruhaga sasa ana mvi, na hakuna anayemwita yule. Wengi wadogo hawajui hata kwamba palikuwa na yule. Nilimkuta Mama Speransia bondeni anavuna, minyaa imekua juu ya kichwa chake, imenyooka kutoka barabarani hadi majini.

"Jirani yako anaendeleaje?" nikamuuliza, kwa mazoea.

Akainua kidole, nisikilize. Upande wa pili wa minyaa mtu alikuwa anaimba.

"Yuko kwake," akasema.

Nilisimama pale nikisikiliza mpaka wimbo ukaisha, na mzigo nilioubeba miaka mingi bila kujua, ule wa kujiuliza kama nilifanya sawasawa, ukashuka. Nilikuwa nimeogopa kustaafu. Nilijiuliza nitakuwa nani watu wakiacha kuniita Mwinjilisti. Sasa naona Mungu alinifahamu kabla ya jina hilo, na atanifahamu baada yake, kama alivyomfahamu Ruhaga siku zote mbili, ya minyaa kuhama na ya minyaa kurudi. Mti wa kupimia maji nimemkabidhi Mwinjilisti Debora, aliyenirithi. Ameuwekea alama nyingine chini ya ile ya zamani, maana yeye ni mfupi. Nimefurahi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe jirani mkweli, na akupe moyo wa kumsikia. Akunyooshee mpaka wako, akurudishie wimbo ukiwa upande wako, na siku ya kuingia majini au kutoka, asikose mtu wa kukuvika kitenge kikavu. Amina.